Picha ya Ubongo wa Soja

Kibanda cha langoni,
Diani.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Kwa dada yangu Kache,

Shikamoo dada. Na shikamoo tena, maana ile ya kwanza ni ya kawaida na hii ya pili ni ya kukuomba unisome mpaka mwisho. Mimi mdogo wako ni mzima wa mwili, ila moyo unanienda mbio tangu Alhamisi, na sababu utaijua. Je, wewe hujambo? Goti la kushoto limepoa au bado linakusumbua ukiinuka? Mbuzi wangapi wamezaa? Na lile tangi la maji ya mvua linalovuja chini, fundi alikuja au bado anakupa kesho? Shangazi Sidi mwambie dawa yake ya kuchua nimeshainunua, nitaileta mwenyewe, asije akatuma mtu.

Kabla sijafika mbali nina mambo mawili. La kwanza, huyo mtu aliyekuletea barua hii mpe kigoda akae kivulini, na umpe maji. Nimemwagiza asiseme neno mpaka umalize kusoma, na wewe nakuomba usimuulize neno. Kofia yake mwache nayo. Ametoka mbali na si mtu mbaya. La pili, nimekukosea dada. Si kosa la kuvunja chungu. Ni kosa la kukupindulia maisha, nalo limo humu ndani. Ningeliweka juu ungeichana karatasi kabla hujafika katikati, nakujua hasira zako. Kwa hiyo nimeliweka chini, na njia ya kulifikia ni ndefu kidogo kwa sababu inapita ndani ya kichwa changu, na hapo sikutanii. Utaona. Usiniulize pia kwa nini sikupiga simu. Ungekata.

Sasa habari za huku. Mwenye vila ninayoilinda aliikodisha kwa siku kumi, zimeisha jana, kwa watu wa taamuli. Hawa ni watu wanaokaa kitako, wakafumba macho na kutulia mpaka mawazo yote yatoke kichwani. Usicheke bado. Walikuja wanane, na si wanafunzi; kila mmoja ana miaka kumi, kumi na mitano, ishirini katika kazi hiyo ya kukaa. Pamoja nao walikuja watafiti wawili. Mmoja ni Profesa, mzungu mrefu ambaye hata kibandani kwangu huingia kwa kuinama mara mbili. Wa pili ni Daktari Beryl, binti aliyekulia Nairobi, Kiswahili chake amekichanganya na Kiingereza mpaka unachoka, lakini ana moyo safi. Wanataka kujua ubongo unafanya nini mtu anapozama kabisa. Daktari Beryl alinieleza kwamba wapo waliobobea hata fahamu yenyewe inazimika, mtu haoni, hasikii, hajui kama yupo, halafu inawaka yenyewe na anarudi akiwa mwepesi. Nikamwambia kwetu hiyo inaitwa malaria. Alicheka, lakini aliandika.

Sharti lao kubwa ni kutosema. Siku kumi, kimya. Na hapo ndipo palipozuka vita vya kwanza, kwa sababu mpishi wa vila ni Mwanapili, mama wa Kidigo kutoka Kibuyuni, mtu na heshima zake. Asubuhi ya kwanza alipita mkeka kwa mkeka akiwatolea salamu mmoja mmoja, asalaam alaykum, habari za kuamka, mmelalaje, na watu wanane wakamtazama tu, kisha wakafumba macho. Lo! Alirudi jikoni akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi na kutangaza kwamba yeye hapikii watu wasioitikia salamu. Asiyeitikia, akasema, ama amekufa ama ana chuki nawe, na kwa wote wawili yeye hana uji. Saa nne ikafika, uji haujaonekana. Wataalamu wa kutulia wakaanza kugeuzageuza shingo kuelekea jikoni. Ilibidi Daktari Beryl aende kubembeleza, ikapatikana suluhu kwamba kila Mwanapili akisalimu, wao waweke mkono kifuani na kuinamisha kichwa. Baada ya hapo wakapata mpaka mahamri. Mimi nilicheka na wenzangu, lakini yale maneno yake juu ya mtu kusalimu asiitikiwe yalinichoma hapa, nikashindwa hata kumaliza chai yangu. Wewe bado hujui kwa nini.

Haya, tuje kwangu. Kazi ya soja unaijua, ni saa kumi na mbili juu ya kiti cha plastiki. Katika miaka minne nimejifunza ufundi mmoja ambao Bwana Muthoka, msimamizi wetu, mtu mkali hata kivuli chake kinakagua, hajaugundua mpaka leo. Ninalala nimekaa wima. Mgongo hauegemei popote, kofia iko sawasawa, filimbi iko mdomoni, macho yamefunguka nusu. Gari likipiga honi mimi nimeshasimama na saluti nimeshaipiga, akili inafuata baadaye. Ukiniona utasema huyu ndiye mlinzi.

Siku ya pili, saa saba mchana, Profesa akanikuta katika hali hiyo. Wanasema nzi alitembea kutoka kwenye nyusi mpaka kidevuni nami sikutikisika. Nilipozinduka nilimkuta amechuchumaa mbele yangu na Daktari Beryl pembeni, na mzee wa watu machozi yanamlengalenga. Akauliza, kupitia kwa Daktari, nimeanza lini kufanya hivi. Dada, ningesema nini? Niseme nimelala zamu, na Muthoka yuko hatua ishirini anakagua kufuli? Nikasema tangu utotoni, nikichunga mbuzi. Akauliza mwalimu wangu ni nani. Hapo ulimi ukaenda ulikozoea kwenda kila ninapobanwa. Nikasema ni dada yangu, Kache Mramba wa Kinango. Basi, akaandika. Jina lako liko kwenye fomu ya utafiti, dada, mahali pa mwalimu wa taamuli, kwa herufi kubwa.

Kesho yake wakanivika kofia ya nyaya. Ni kofia ya mpira yenye matundu mengi, na kila tundu wanalijaza jeli ya baridi mpaka ikugande kichwani, kisha nyaya zinakwenda kwenye kompyuta. Nilionekana kama redio iliyofunguliwa na fundi akaenda kula. Wakaniambia niingie katika hali yangu. Nikaingia. Baada ya dakika kumi Daktari Beryl alinivuta mpaka nyuma ya jiko, akanionyesha mistari. Hapa, alisema, uko macho. Hapa unasinzia. Na kuanzia hapa mpaka mwisho, Bwana Tsuma, umelala fofofo, na kama tungekuacha ungekoroma. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamshika mikono nikimsihi asimwambie Muthoka, nina karo ya watoto na mwenye nyumba hana huruma. Akaniapia kwamba mambo ya utafiti ni siri. Ila Profesa ilibidi aambiwe, na Profesa badala ya kukasirika akafurahi kupita mwanzo. Alikuwa anatafuta mtu wa kulinganisha, ili aone tofauti ya ubongo wa aliyezimika kwa ustadi na wa aliyelala tu, na katika maisha yake hakuwahi kupata mtu anayelala wima macho wazi. Basi nikaingizwa kwenye orodha ya watu wa kwenda Mombasa kwenye ile mashine kubwa ya kupiga picha za ndani ya kichwa, MRI, na fomu yangu ikaenda vilevile, na jina lako juu yake.

Lakini mimi pale nyuma ya jiko nilijifunza jambo, na nililijifunza vibaya. Nilijiambia, kama kofia tu ya mpira imefichua siri niliyomficha Muthoka miaka minne, hiyo mashine kubwa itafichua nini? Maana mimi, dada, siri yangu kubwa haikuwa ya usingizi.

Alhamisi tukavuka. Garini tulikuwa mimi, Profesa, Daktari Beryl na Bi Jemima. Huyu Bi Jemima ni mstaafu wa Nairobi, amepita miaka sitini, na ndiye bingwa wao. Ndiye anayeweza kuizima fahamu yake apendapo. Ilikuwa siku yake ya nane bila kutamka neno. Kwenye feri muuza korosho alimkamata dirishani akamsifia korosho tangu tunapanda mpaka tunashuka, naye akawa anaweka mkono kifuani tu na kutabasamu. Mwishowe yule muuzaji alikata tamaa akamwachia pakiti bure.

Hospitalini walinivua kila chenye chuma. Mkanda, saa, funguo, hata ile hirizi ya shangazi Sidi yenye kikopo cha bati, muuguzi aliikunjia kwenye karatasi kwa adabu. Wakanipa gauni linalofungwa nyuma, na nyuma halifungi. Nikalazwa chali, wakanifunika uso kwa kitu kama dema la kuvulia samaki, wakanisukuma ndani kama mkate unavyoingia tanuri. Dada, mashine ile inagonga! Fikiria mafundi bati wanne wanashindana, na wewe umo ndani ya bati. Kazi yangu ilikuwa kutazama msalaba mdogo, kutulia, na safari hii nisilale kwanza. Mwendesha mashine alikuwa nyuma ya kioo, nilimwona kwa mbali tu wakati wa kuingia, mtu wa makamo, kipara, miwani, tumbo linamtangulia kidogo, barakoa usoni. Sauti yake ilinifikia masikioni kwa vile visikizi vyao, ikanikaribisha na kuniambia mzunguko wa kwanza ni dakika sita. Nilihisi kama sauti ile naijua. Nikaipuuza.

Mzunguko wa kwanza nilitulia kwelikweli. Niliwaza mbuzi tu. Mashine ikanyamaza, na ile sauti ikarudi, kwa upole, ikaomba radhi kwa kuuliza jambo lisilo la kazi. Ikasema inasoma fomu yangu hapa, na huyu Kache Mramba wa Kinango, je, ndiye yule wa jirani na zahanati? Hajambo? Na ameruzukiwa watoto wangapi na yule mzee wa Taru?

Nikajua. Ni Kaingu.

Ndiyo, dada, Kaingu yuleyule. Aliyekuja kwenye zahanati yetu kwa mafunzo ya miezi sita, mwenye nywele nyingi na baiskeli, aliyekuwa akija kila jioni kukuuliza mbuzi wako wapi na mbuzi wenyewe wanamtafuna suruali. Aliyeondoka kwenda chuo akiahidi kukuandikia. Uliyeambiwa baadaye kwamba amemwoa nesi wa Msambweni, mweupe, mwenye mwanya. Nani alikuambia? Mimi. Na nesi huyo hajawahi kuwepo, dada. Hata ule mwanya niliubuni papo hapo ili uniamini.

Ndilo hilo neno. Sasa vuta pumzi, kisha endelea, maana halijaisha.

Mle ndani ya mashine nilikuwa na hakika kwamba Kaingu ameshaona. Nilimwona akilini mwangu amekaa mbele ya kompyuta, ubongo wangu umekatwa vipande vipande kama papa kwenye meza ya sokoni, na katikati yake barua zake tatu zimelala, anazisoma. Kofia ya mpira iliujua usingizi wangu. Hii ya kugonga itaacha nini? Nilidhani swali lake ni mtego, kwamba anajua yote na ananipa nafasi ya kusema mwenyewe. Basi mzunguko wa pili ulipoanza kugonga, nikapiga kelele kuushinda. Nikasema yote kwa mfululizo, nimelala chali, uso ndani ya dema. Nikasema hakuna mzee wa Taru. Hakuna ng'ombe sitini, hakuna mume mwenye upinde. Nilipokutana naye barabarani aliporudi likizo, nikamwambia dada yangu ameshaolewa na mumewe ana mishale, nilikuwa nimetunga nikitembea. Nikasema barua alizotuma kwa mkono wangu zilikuwa tatu na hakuna iliyofika. Ya kwanza ililiwa na beberu wako wa pembe moja, lakini niliyeiacha juu ya jiwe mbele yake ni mimi. Ya pili niliifanya jalada la daftari la hesabu. Ya tatu ninayo.

Mashine ikaacha kugonga. Halafu masikioni nikasikia sauti ya mwanamke nisiyemjua, sauti nzito yenye kukwaruza kwa kukaa bila kazi, ikiniuliza mimi ni kijana wa roho gani. Alikuwa Bi Jemima. Alikuwa ameketi nyuma ya kioo akingoja zamu yake, na amesikia kila kitu. Miaka ishirini ya taamuli, siku nane za kimya, muuza korosho ameshindwa, nami nimemvunja kwa dakika mbili! Akaongeza na mengine ambayo siwezi kuyaandika kwa dada yangu.

Nilipotolewa Kaingu alikuwa amesimama mlangoni, barakoa ameishusha. Mimi nimesimama mbele yake na lile gauni, mkono mmoja nimeupeleka nyuma kujisitiri. Hakunipiga. Alivua miwani akaipangusa, akairudisha, akaivua tena. Aliniuliza jambo moja tu, kwamba huyo mwenye ng'ombe sitini yupo au hayupo. Nikamwambia hayupo hata mwenye kuku. Nikamwambia walikuja watu wa maana, ukawakataa wote kwa adabu. Akakaa kwenye stuli, akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikuweza kujua kilichotangulia. Kisha akanieleza, taratibu kabisa kama anavyomweleza mgonjwa, kwamba mashine ile haioni maneno wala barua. Inaona damu inakoelekea ndani ya ubongo, basi. Alichokiona yeye ni mtu aliyeingiwa na hofu kubwa ghafla, akadhani nimebanwa na haja. Swali lake halikuwa mtego. Aliuliza kwa ustaarabu tu, kama mtu yeyote anavyoulizia watu wa zamani. Dada, ningejibu hajambo, basi ingeishia hapo! Neno moja! Miaka kumi na saba nimelinda siri, na mimi ni mlinzi wa kuajiriwa, nikaitoa kwa mtu ambaye hakuitaka.

Lakini sijuti, na hapa sitanii tena. Nataka ujue kwa nini nilifanya vile, si kwa kujitetea. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mama alikuwa ameshatutoka, baba yuko Taru na ng'ombe wake, akirudi ni mara moja kwa mwezi. Wewe ndiye uliyekuwa unaniamsha, unanipikia, unauza kuku nipate sare za shule. Niliona Kaingu akikuchukua nitabaki na nani? Nilikuwa mtoto na nilikuwa mchoyo wa dada. Siku niliyokudanganya habari ya yule nesi uliinjika wali ukaungua, nawe hujawahi kuunguza chakula maishani. Nikaula wote, mpaka ukoko, nikidhani hiyo ndiyo adhabu yangu imekwisha. Haikwisha. Watu walipokuwa wanasema Kache ni mkali, anawakataa wanaume kwa ukali wake, nilikaa nao barazani nikanyamaza, na mimi peke yangu nilijua kwamba si ukali. Naona haya, dada. Naona haya hata kuuandika mstari huu.

Ile barua ya tatu nimeitunza miaka yote hii ndani ya bahasha moja na cheti changu cha kidato cha nne. Sijawahi kuifungua. Kila nilipokwenda kuomba kazi nilitoa cheti, nikaiona, nikairudisha. Vimekaa pamoja kwa sababu kimoja nilikipata kwa kuificha nyingine. Sasa nimeitia humu, utaikuta nyuma ya karatasi hizi.

Kaingu alinipa sharti moja. Niandike haya yote kwa mkono wangu mwenyewe, bila kujipamba, na barua ipelekwe na mtu anayemwamini yeye, kwani barua za kuja kwako, alisema, hazipitishi tena mikononi mwangu. Nilikubali. Jana alikuja hapa langoni kuhakikisha, akanisimamia nikianza, na hapo nikamwonyesha ile ya tatu. Rangi ilimbadilika. Akataka nimrudishie. Anasema alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu na anakumbuka humo ndani mlikuwa na shairi. Nikamwambia nimeshazuia barua za kutosha, hii itakwenda. Tukavutana kidogo, Mwanapili akatoka jikoni na mwiko kuamua ugomvi, na alipoambiwa habari yote akamgeukia Kaingu akamwambia akae chini, akanigeukia mimi akaniambia nisimame nje. Chai akapewa yeye. Akapewa na mahamri manne. Mimi niliitazama sahani kupitia dirishani.

Habari zake nyingine ni hizi. Alioa, si nesi, bali mama mmoja wa watu wa Jego, na mkewe alifariki miaka mitano iliyopita. Ana binti mmoja, Esha, wa miaka tisa, mwenye maswali mengi. Hanywi pombe. Picha za ubongo wangu amezitia kwenye diski akanipa nakala. Nimezitazama, na ukweli ni kwamba ndani hamna kitu cha ajabu, ni kama nusu ya kabeji. Profesa yeye ana furaha isiyo na kifani. Anasema hajawahi kuona ubongo ukitoka kwenye utulivu kama ule na kulipuka kama soko la ng'ombe ndani ya kufumba na kufumbua. Kwa hiyo nakuonya, akija huko mzungu mrefu na daftari akakuuliza ulinifundishaje kutulia, Daktari Beryl ameahidi kumweleza ukweli njiani, ila kama hakueleza, mpe maziwa na umwoneshe mbuzi. Bi Jemima naye jana alipoagana nasi alinishika bega, akaniambia tangu Alhamisi kila akifumba macho ili fahamu izimike, anamwona yule beberu anatafuna karatasi. Amesema amenisamehe, lakini itamchukua muda kurudi alipokuwa.

Na wewe, dada, sikuulizi kama utanisamehe leo. Nikija mwisho wa mwezi na dawa ya shangazi, kama utanifungulia mlango nitaingia, na kama utanirushia kiatu nitakiokota nikuletee. Unayo haki ya kuchagua. Wasalimie wote wa nyumbani, wadogo kwa wakubwa, na jirani wa mbele na wa nyuma. Mke wangu Kavita na watoto wanakusalimu. Kavita nimemsimulia juzi, na tangu juzi nakula peke yangu.

Sasa inua macho.

Huyo aliyekaa kwenye kigoda, anayejifanya anatazama mbuzi, mwambie avue kofia. Usishangae kipara, ni miaka. Ndiye yeye. Nilitaka kumtuma mtu mwingine akakataa, akasema ikiwa ni kufukuzwa afadhali afukuzwe kwa miguu yake. Leo hii unaposoma ni siku yake ya mapumziko, ameiacha na ameamka kuja kwako. Kama humtaki mwambie tu, ataelewa, ameniahidi hatasumbua. Lakini barua yake ya kwanza, ile aliyokula beberu, niliisoma mstari mmoja kabla ya kuiweka juu ya jiwe. Ilianza hivi, Kache, nakusalimu kwa moyo wangu wote. Alikusalimu wakati ule angali na nywele, dada, na mpaka leo hajaitikiwa. Mwitikie.

Ni mimi mdogo wako,
Tsuma Mramba.